Sponji ya Samaki Nisiokuwa Nao

Jamani, mmeniuliza vya kutosha. Tangu nirudi, hakuna anayepita barazani pa duka langu la vioo hapa Mwanjelwa bila kuchungulia ndani, kuliangalia lile tangi na kusema, "Fundi Ambakisye, sponji iko wapi?" Nimewajibu kwamba Iringa sponji haikupatikana. Huo ni uongo. Ilipatikana, tena mara mbili, na mara ya kwanza niliipata kwa namna ambayo ikinijia akilini nikiwa nakata kioo, mkato unakwenda upande. Wiki hii nimeshavunja vioo viwili. Afadhali niandike, mpokezane msome, halafu tusilizungumze tena.

Mnakumbuka jambo lilivyoanza, maana mlikuwepo. Nilikwenda kubadilisha kioo cha dirisha kwa mhandisi mmoja mgeni, mtu wa reli, nikakuta sebuleni kwake tangi la samaki. Nyuma ya maji kulikuwa na mwamba mweusi wenye mapango na ukoga wa kijani, sawasawa na miamba ya Matema, Ziwa Nyasa. Nikamwuliza ameingizaje jiwe kubwa vile bila kupasua kioo. Akacheka, akaniambia hilo si jiwe, ni sponji. Unachukua sponji nene, unaichonga kwa kisu, unaipaka saruji nyepesi yenye rangi, unailoweka wiki tatu huku ukibadilisha maji mpaka ukali wa saruji uishe, ndipo unatia samaki.

Mwenzenu nilirudi nyumbani sina raha. Nikachomea fremu ya chuma, nikakaza vioo kwa puti, nikajaza maji, halikuvuja hata tone. Kisha nikafanya kosa la kutangaza. Niliwaambia ninyi, nikawaambia watu wa sokoni, nikawaambia mpaka mabwana wa maonyesho ya Sabasaba, wakanitengea meza. Nilisema Mbeya nzima itaona Ziwa Nyasa ndani ya kioo. Kilichobaki ni sponji, na siku hizi ukiuliza sponji katika maduka ya Mbeya unaangaliwa kama umepotea njia. Samaki wenyewe nilisema nitawafuata Kyela baadaye, mwamba ukishakuwa tayari. Hilo mlishike vizuri. Samaki nilikuwa sina, hata mmoja.

Shemeji yangu Lusiana, mke wa kaka yangu, anayekaa Kihesa kule Iringa, akaniandikia kwamba jirani yake ni fundi wa makochi na mabaki ya sponji anayo. Nikafunga safari.

Mbeya mpaka Chimala

Ndani ya basi nilikaa na mama mmoja wa Kibena aliyekuwa na kuku watatu ndani ya kikapu. Hatujafika hata Uyole nikawa nimeshaanza kumweleza habari za tangi. Mnanijua. Nikamwonyesha kwa mikono urefu wake, nikamweleza mapango yatakaa wapi, ukoga utaota wapi. Alinisikiliza kwa heshima zote mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo hao samaki hawaliwi?"

"Hawaliwi, mama."

"Sasa wana kazi gani?"

"Wanaangaliwa tu."

"Mimi samaki nikimwangalia namwona na nyanya," akasema, na watu wa viti vya nyuma wakacheka mpaka kondakta akageuka.

Nilikasirika kimoyomoyo. Nikajisemea, watu wengine huwezi kuwaeleza mambo. Chimala tulishuka kula, joto la uwandani limetushukia na makoti yetu ya Mbeya bado mabegani. Niliagiza wali na kambare wa mchuzi. Yule mama alipopita na sahani yake akaitazama yangu, akasema, "Fundi, huyo usimle, mwangalie tu." Nikamla bila kuinua macho.

Igawa

Kabla ya Igawa kidogo kitu kilipasuka chini ya basi, likaserereka mpaka penye vibanda vya chai, likakataa. Utingo aliingia uvunguni, akatoka na uso wa kufiwa. Kifaa kilichokatika ni cha kufuata Mbeya, na kwa vyovyote hatuondoki kabla ya kesho mchana. Mama wa kuku akatandika kanga yake kwenye viti viwili, akalala palepale kama aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Mimi nilikwenda kugomba na dereva. Niligomba vizuri sana, kwa muda mrefu, na basi halikutengenezeka.

Kibandani nilikuta mzee mrefu mwenye shuka begani, anapakia magunia ya chumvi kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa amenisikiliza nikigomba.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi panda. Utalala kwangu."

Hivyo tu. Hakuniuliza jina wala kabila. Jina lake ni Mzee Maduhu, Msukuma, aliyehama na ng'ombe wake kutoka kwao kaskazini kufuata majani ya Usangu. Njia nzima tulikuwa tunasemeshana kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha kwangu wala cha kwake. Mzee alikuwa akiwaita ng'ombe wa mkokoteni kwa majina, na walikuwa wanaitika kwa masikio.

Kwa Mzee Maduhu

Tulifika jua likielekea kuzama. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, na niwaambie ukweli, nilianza kuwahesabu nikaacha. Mke wake, Mama Shija, alinipokea kwa kupiga goti, akinisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," nami nikaitikia "Ndaga", asante ya kwetu Unyakyusa, kwa kuchanganyikiwa, wakacheka wote. Nililetewa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, imechemshwa na karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nilikula nikasahau hasira zote za basi.

Kisha wakanionyesha pa kulala. Chumba cha udongo, safi, kitanda cha kamba. Juu yake, jamani, godoro la sponji! Nene, shibiri nzima, kitambaa chake cha mistari ya kijani. Mimi fundi wa mjini nalalia pamba iliyoganda, halafu huku porini Usangu nalazwa kwenye sponji. Nilifungua kishono kidogo pembeni, nikaingiza vidole, nikaminya. Ilirudi yenyewe polepole. Ndiyo hasa niliyokuwa naitafuta. Nilisikia harufu ya dawa, nikajiambia ni ya kuzuia wadudu. Nililala usingizi wa mtoto.

Asubuhi nilipotoka niliona Mama Shija na mwanamke mwingine wamembeba bibi kizee, mmoja kashika kwapa, mwingine magoti, wanamtoa kwenye kibanda cha pembeni kumlaza juani juu ya ngozi ya ng'ombe. Alikuwa mwepesi, lakini walimbeba kwa uangalifu mkubwa. Nilimwendea nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Aliniangalia kwa furaha akasema maneno kwa Kisukuma, kama anauliza kitu. Mama Shija akatabasamu, hakunitafsiria.

Nataka muelewe kwamba hapo niliona. Niliona bibi asiyeweza kugeuka, niliona ngozi ngumu chini yake, na nilikuwa najua mimi nimelala wapi. Ningeuliza swali moja tu. Sikuuliza, kwa sababu kichwani mwangu kulikuwa na mwamba wa Matema.

Tulipokaa kunywa maziwa, Mzee Maduhu akaniuliza swali ambalo nadhani huwauliza wageni wake wote.

"Wewe unafuga?"

Sasa hebu jiwekeni pale. Zizi limejaa mpaka miti ya boma inalia, na mimi kwangu sina hata kuku. Ningesema sifugi, ningepungukiwa nini? Lakini mdomo ukajibu wenyewe.

"Nafuga."

"Ng'ombe?"

"Samaki."

Aliweka kibuyu chini. Nilidhani atacheka kama yule mama wa Kibena. Hakucheka hata kidogo.

"Wako wangapi?"

"Hamsini," nikasema.

"Wanalala wapi?"

"Ndani, kwenye nyumba ya kioo. Nalala nao chumba kimoja."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Ndama wachanga na yeye hulala nao ndani, akaniambia, mpaka wapate nguvu. Akauliza safari yangu ni ya nini, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nilimwambia samaki wangu wana shida. Hawana pa kujificha wala pa kupumzika, na bila sponji nene watakufa wote. Nilimwambia nimetoka Mbeya natafuta sponji kwa ajili yao, na sijui kama nitawakuta hai. Nilisema kwa uchungu mpaka nikajiamini. Nikaongeza kwamba sponji yenyewe ni kama ile niliyoilalia, tena ile ndiyo nzuri kabisa. Na kwa kuwa mimi ni fundi na mkono wa fundi hautulii, nikaingia chumbani nikalipima lile godoro kwa futi yangu, urefu, upana na kimo, yeye amesimama mlangoni ananitazama.

Akaenda kusema na mke wake kwa Kisukuma. Hawakugombana. Mama Shija aliangalia upande wa bibi, akaniangalia mimi, akaingia ndani. Alipotoka, godoro lilikuwa limeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani.

"Chukua," akasema Mzee Maduhu. "Wahi."

Niliingiza mkono mfukoni. Akanikunjia uso. "Hapa si dukani, bwana."

Nikajisemea, mtu mwenye ng'ombe wote hawa, godoro kwake ni kitu gani? Nikalipakia mkokotenini mimi mwenyewe, haraka, asije akabadili mawazo.

Makambako, Mafinga, Iringa

Basi lilitengenezwa mchana kama walivyosema. Mama wa kuku aliniona nikipandisha godoro juu ya keria.

"Umepata?"

"Nimepewa."

"Bure? Na aliyekuwa analilalia?"

"Wana ng'ombe wengi sana," nikamjibu.

Alishuka Makambako, na kabla ya kushuka alinipa yai moja la kuchemsha bila kunitazama, nami nikalila mpaka Mafinga nikijaribu kufurahi. Baridi ya Mafinga ilikuwa kali. Kila basi lilipodunda nilikuwa nachungulia juu kuona kama godoro bado lipo. Mzee mmoja wa Kihehe akaniuliza kama namhamisha mgonjwa. Nikasema hapana, ni mali ya kazi, na nikageukia dirisha.

Kihesa

Shemeji Lusiana hakuwepo nilipofika. Anafanya kazi kwenye zahanati ya misheni, kufua mashuka na kuwageuza wagonjwa. Aliniachia ufunguo kwa jirani na ugali chini ya sahani. Sikula. Nilikuwa na hamu ya kazi, nikalifungua godoro uani, nikapasua kitambaa, nikanoa kisu. Nilianzia upande wa miguuni. Nikakata kipande cha shibiri mbili, nikaanza kuchonga pango la kwanza. Lilitoka vizuri! Nilikuwa napiga mluzi.

"Kamwene, shemeji," Lusiana akanisalimu nyuma yangu.

"Kamwene! Njoo uone mwamba."

Hakuangalia mwamba. Aliangalia godoro lililobaki, akaweka kikapu chini, akachuchumaa. Hapo ndipo na mimi nilipoliona kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa jioni, bila kitambaa. Katikati kulikuwa na bonde, si bonde la mtu anayelala na kuamka, bali la mtu aliyelala mahali pamoja miaka. Na ndani ya bonde kulikuwa na madoa ya zambarau, ya ile dawa ya vidonda.

"Hili godoro la nani?"

"La kwangu. Nimepewa."

Akaweka kiganja bondeni. "Hapa ni kiuno," akasema. Akasogea. "Hapa bega. Na huku ulikokata, hapa palikuwa visigino. Mtu huyu hajisogezi, shemeji. Anageuzwa. Nani anaumwa kwenye hiyo nyumba?"

"Kulikuwa na bibi."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukauliza?"

Nikafuta kisu changu kwenye suruali. Alinisubiri nijibu, hakunihurumia. Nilipomweleza yote, na habari ya samaki hamsini, alisimama akajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu.

"Umemtoa mgonjwa kitandani," akasema, "kwa ajili ya samaki ambao hujawanunua. Mama yako mzazi angekuwepo ningemwambia mbele yako."

Ndugu zangu, nimewahi kutukanwa na walevi, nimewahi kufukuzwa na mbwa wa wateja. Sijawahi kuona haya kama siku ile. Uso uliwaka. Nilitaka kusema "sikujua," neno likagoma kutoka, maana nilikuwa nimejua nusu, na hiyo nusu ilitosha.

"Vaa viatu," akasema Lusiana.

Akanipeleka kwa yule fundi wa makochi, nyumba ya tatu tu. Kwenye banda lake kulikuwa na mabaki ya sponji magunia mawili, yamejaa, yanamsumbua. "Chukueni," akasema, "nilikuwa naenda kuyachoma." Ningefika kwake moja kwa moja kutoka Mbeya, ningerudi na mwamba wangu na moyo wangu mweupe. Nilisimama pale nikashika gunia kama mjinga.

Tulishona siku nzima iliyofuata. Pango langu lilikuwa halitengenezeki tena, nikalitupa. Nilikata vipande vipya, nikajaza upande wa miguuni, nikalitoa lile bonde na kuweka sponji mpya, nikaunga kwa gundi ya viatu na kushona kwa uzi wa magunia. Sponji ilibaki nyingi. Nikaiangalia. Lusiana akaniona nikiiangalia.

"Hiyo ni mito," akasema. "Mmoja chini ya visigino, mmoja katikati ya magoti, miwili ya mgongoni akilazwa ubavu. Wewe ni fundi, pima."

Nikapima. Haikubaki hata ya kuoshea vyombo.

Kurudi

Nilikwenda kwa basi mpaka Mafinga, pale nikapata lori la mbao, nikakaa juu ya mbao na godoro langu mpaka Igawa, kisha nikajitwika nikatembea. Jua la Usangu halina utani. Watu waliokuwa wakinikuta njiani walikuwa wananipisha, mmoja akaniuliza kama nimefukuzwa na mke. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa rahisi zaidi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nitasema hivi, nitaanza na pole, nitapiga magoti, nitasema samaki sina. Nilikuwa nayo yote kichwani, juu yake godoro.

Mzee Maduhu alikuwa zizini. Aliniona kwa mbali akaja anakimbia, mtu mzima vile, shuka linamvuka. Alipoona nilichokibeba akasimama. Uso wake ukaanguka.

"Wamekufa?" akaniuliza.

Maneno yangu yote yakapotea. Nilifungua mdomo. Yeye akatafsiri ule ukimya kwa namna yake, akanitua godoro, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Umechelewa njiani. Lile basi, lile basi!"

Mama Shija akaja, akasikia, akashika mdomo. "Wote, baba?" Majirani wawili wakaja wakanipa mkono mmoja mmoja, na mmoja akanieleza jinsi ugonjwa ulivyompukutishia ng'ombe wake miaka ya nyuma, akabaki na jike moja. Alinieleza machozi yakimlengalenga, ili anitie moyo. Mimi nimesimama katikati yao, mfiwa.

Wakanipeleka kwa bibi, mama yake Mzee Maduhu. Alikuwa ndani ya kibanda chake, juu ya gunia la majani na ile ngozi. Shuka lilikuwa limemvuka, nikaona nyonga yake. Kidonda kilikuwa kimefunguka, kibichi, na Mama Shija alikuwa anafukuza nzi kwa kitambaa. Bibi alinitambua. Akasema maneno marefu kwa sauti ndogo, na safari hii Mama Shija alinitafsiria.

"Anakupa pole. Anasema mifugo ikifa nyumba inakuwa kimya. Anauliza, walikufa wote?"

Ilikuwa ndiyo nafasi yangu, jamani. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Wote," nikasema.

Bibi akafumba macho. Nikamwomba Mama Shija tumlaze kwenye godoro. Tulimnyanyua pamoja, nikaweka mito kama Lusiana alivyonionyesha, wa visigino, wa magoti, ya mgongoni. Bibi alivuta pumzi ndefu. Mzee Maduhu alipapasa mshono wangu miguuni, akaona palipokatwa na palipoungwa, akaona mito. Nikamwuliza Mama Shija, ile asubuhi ya kwanza bibi alikuwa ananiambia nini?

"Alikuwa anauliza kama umelala vizuri. Yeye ndiye aliyesema upewe godoro."

Jioni walinipikia kuku. Baada ya kula nikakuta chumba changu kimetandikwa, na juu ya kitanda cha kamba, lile godoro. Walikuwa wamemtoa bibi tena. Mgeni kaja, tena mgeni mwenye msiba, atalalaje chini?

Nikatoka mbio. "Mzee, silali kwenye godoro. Mgongo wangu umekatazwa vitu laini."

"Umekatazwa na nani?"

"Na daktari."

Alinitazama sana. "Mgongo wako umeanza kuuma lini?"

"Juzi," nikasema. "Iringa."

Sijui alielewa nini. Alilibeba yeye mwenyewe, akalirudisha kwa mama yake, nami nikaletewa ngozi. Nililala juu yake na kila mfupa wangu ulijua uko wapi.

Asubuhi, njia ya Igawa

Alinisindikiza kwa mkokoteni. Mama Shija alikuwa amenifungia michembe ya njiani. Tulipofika kwenye mchanga ambapo ng'ombe huvuta polepole, nikaona nikifika barabarani bila kusema sitasema tena maisha yangu yote.

"Mzee Maduhu. Samaki hawakufa."

Akageuka. Nikaona furaha inamjia usoni, hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. "Wamepona?"

"Sikuwa na samaki, mzee. Nilikuwa na tangi tupu. Nilitaka kuweka pambo, watu wanisifu. Nilikudanganya kwa sababu niliona ng'ombe wako, mimi nikaona aibu kuwa sina kitu."

Alisimamisha ng'ombe. Akazungusha kamba mkononi, anaangalia masikio yao.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Nilisubiri anishushe. Nilikuwa tayari kutukanwa, nilikuwa tayari kupigwa na fimbo ya ng'ombe, na naapa, ningeshukuru. Akavuta shuka lake begani.

"Basi mama yangu asijue," akasema. "Jana amewalilia."

Akawahimiza ng'ombe kwa majina yao, tukaenda mpaka Igawa.